Sahani isibebeshwe lawama ya kisima

Kila inapotajwa sumu ya aseniki kwenye visima vya Bangladesh na Bengali Magharibi nchini India, haichukui muda kabla mtu hajasema kwamba watu wa kule wanaumia hivyo kwa sababu hawali vizuri. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Gazeti hili limeyapima, na hukumu yetu tunaitoa mwanzoni ili msomaji asihangaike kuitafuta. Lishe duni huifanya sumu iume zaidi, lakini aliyeumizwa na maji ya kisima ameumizwa na kisima. Serikali yoyote itakayogawa vidonge vya vitamini huku wananchi wakiendelea kusukuma pampu ya sumu asubuhi na jioni itakuwa imewatelekeza.

Tuanze na namna kisima chenyewe kilivyofika. Miaka ya 1970, watoto wa Bangladesh walikuwa wakifa kwa kuhara na kipindupindu kwa kunywa maji ya madimbwi na mito. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na wafadhili wengine, ikahimiza visima vya bomba jembamba lililozamishwa ardhini, na juu yake pampu ya chuma ya mkono. Watu walivipenda. Mwenye uwezo kidogo alijichimbia chake uani, na kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimefika mamilioni. Maji yalitoka maangavu na baridi, hayana harufu wala ladha. Hakuna aliyeyapima aseniki. Kumbe ndani ya mashapo yaliyoletwa na mito ya Ganges na Brahmaputra kutoka milima ya Himalaya, aseniki iliyokuwa imeshikwa na madini ya chuma ilikuwa ikiachiliwa taratibu ndani ya maji, kwa nguvu za maumbile tu, bila kiwanda wala mgodi.

Mwaka 1983, daktari wa ngozi wa Kolkata, K. C. Saha, aliwatambua wagonjwa wa kwanza wa Bengali Magharibi. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba Bangladesh nayo imo. Mwaka 2000, Allan Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba haya yalikuwa maangamizi makubwa kuliko yote ya watu kulishwa sumu yaliyopata kutokea, na kwamba kati ya wakazi milioni 125 wa nchi hiyo, milioni 35 hadi 77 walikuwa hatarini. Upimaji wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2001 uligundua kwamba visima vifupi 27 kati ya kila 100 vilizidi kiwango cha nchi hiyo, yaani mikrogramu 50 kwa lita. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10. Ukipima kwa hicho, karibu nusu ya visima vilikuwa vibaya.

Sumu hii haina haraka. Mtu hunywa mwaka wa kwanza, wa tano, pengine wa kumi, ndipo ngozi ya kifua na mgongo inapoanza kutoa madoadoa kama matone ya mvua yaliyoangukia vumbi. Viganja na nyayo huota sugu ngumu zinazopasuka hata mkulima akashindwa kushika jembe. Ndani ya mwili kazi inaendelea bila kuonekana: saratani ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu, na magonjwa ya moyo. Katika utafiti wa Araihazar, mashariki ya Dhaka, uliofuatilia watu karibu 12,000 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010, zaidi ya vifo 21 kati ya kila 100 vilihusishwa na maji ya visima yaliyozidi mikrogramu 10.

Lakini wauguzi na madaktari waliotembea vijijini waliona jambo jingine. Nyumba mbili zinachota pampu moja. Huku baba ana sugu mikono yote, kule jirani wa umri uleule ngozi yake ni laini. Kwa nini? Hapo ndipo suala la chakula lilipoingia, na liliingia kwa halali kabisa.

Uchunguzi uliofanywa Bengali Magharibi kwa watu 7,683 na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba waliokuwa na uzito chini ya asilimia 80 ya uzito unaotarajiwa kwa umri na jinsia yao walikuwa na sugu hizo kwa kiasi cha mara 1.6 kuliko wenzao. Mwaka 2004 kukatoka uchunguzi wa ndani zaidi wa eneo hilohilo. Watafiti walilinganisha wagonjwa 192 wa ngozi na watu 213 wasio na dalili, wakawahoji kwa makini wanakula nini. Waliokula protini kidogo kabisa ya wanyama walikuwa na hatari karibu maradufu ya wale waliokula zaidi. Vivyo hivyo kwa waliopungukiwa kalsiamu na nyuzinyuzi, na kwa kiasi kidogo zaidi, foleti.

Jinsi mwili unavyofanya kazi inaeleza sehemu kubwa ya jambo hili, na inafaa kueleweka vizuri maana ndiko hoja zote mbili, ya kweli na ya hila, zinakochimbuka. Aseniki ikishamezwa huingia damuni, na ini ndilo linalopewa kazi ya kuishughulikia. Ini haliwezi kuiunguza kama linavyounguza sukari, kwa kuwa aseniki ni elementi, haivunjiki. Kinachowezekana ni kuifunga kama mzigo ili figo ziitoe kwa haja ndogo. Kila awamu ya kufunga, ini huibandika aseniki kifungo kidogo cha kaboni kiitwacho methili. Mzigo uliofungwa mara mbili hutoka upesi. Uliofungwa mara moja ndio wenye shari: katika sura yake mojawapo una ukali kupita hata ile aseniki iliyomezwa.

Kamba za kufungia ini huzipata kwenye chakula. Samaki, nyama, mayai, maziwa na jamii ya kunde huleta methionini, ambayo ndiyo chanzo cha vifungo hivyo. Foleti ya mboga za majani, maharage na dengu hulijaza ghala kila linapopungua, na vitamini B12, ambayo mimea haina, hushirikiana nayo. Sasa mchukue kibarua wa shambani aliyekula wiki nzima wali mtupu kwa chumvi na pilipili. Amekunywa lita nne za maji kwa siku maana jua ni kali. Ini lake linaanza kufunga mzigo, kamba zinaishia katikati.

Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa hapa Tanzania wataielewa Taiwan, ambako nako visima vilikuwa na aseniki, kuliko wanavyodhani. Kwenye pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa hicho, watu walichimba visima virefu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa sababu maji ya juu yalikuwa na chumvi. Wakapatwa na ugonjwa ulioitwa wa mguu mweusi: damu inakatika, vidole vinakauka na kuwa vyeusi, donda ndugu linapanda mpaka mguu unakatwa. Mwaka 1968 ulichapishwa uchunguzi wa wakazi 40,421 wa eneo hilo, ukionyesha jinsi saratani ya ngozi ilivyopanda sambamba na aseniki ya visima. Watu hao walikuwa maskini, na kwa miaka mingi chakula chao kikuu kilikuwa viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani. Hiyo ni michembe. Watafiti waliorudi huko walikuta, katika ripoti ya mwaka 1995, kwamba kadiri mtu alivyoishi miaka mingi kwa viazi hivyo ndivyo hatari yake ya saratani ya ngozi ilivyoongezeka.

Asije mtu akatoka hapa na habari kwamba michembe ni sumu. Michembe imewavusha Wasukuma njaa nyingi, na anayeila kwa maziwa na karanga amekula chakula kamili. Ubaya wa Taiwan ulikuwa sahani isiyo na kitu kingine, mwaka baada ya mwaka, kando ya glasi ya maji yale. Masharti hayo mawili yakikutana popote duniani matokeo yatakuwa hayohayo.

Tunakubali basi, bila kinyongo, kwamba chakula ni ngao. Na ipo dawa ya bei ndogo. Mary Gamble wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliwapa watu wazima wa Bangladesh waliopungukiwa foleti kidonge cha mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kwa wiki 12. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007, aseniki ndani ya damu ya waliomeza kidonge ilishuka kwa karibu asilimia 14, na kwa waliomeza kidonge kisicho na dawa ilishuka kwa asilimia mbili na nusu hivi. Ule mzigo wenye shari, uliofungwa mara moja, ulishuka kwa asilimia 22. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2015, kwa dozi ya mikrogramu 800, lilielekea hukohuko.

Asilimia 14 si haba kwa kidonge cha senti chache. Lakini mwenye kuitoa hesabu hiyo kwenye mkutano aimalizie. Asilimia 86 imebaki. Kama kisima kina mikrogramu 500, na wapo wanaokunywa maji ya namna hiyo, basi kwa hesabu ya kijumla kidonge kimemsaidia mnywaji kana kwamba kisima chake kina 430, ambazo ni mara 43 ya kiwango kinachopendekezwa. Hakuna waziri ambaye angekunywa glasi hiyo mbele ya kamera, hata angeshiba samaki na mchicha kiasi gani.

Na ushahidi unaotufanya tuwe wakali hautoki Bengali. Unatoka jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, kijiji kiitwacho Chiu Chiu. Wenyeji wa huko wameishi na maji yenye aseniki kwa karne nyingi, kiasi kwamba ilifikiriwa huenda miili yao imezoea. Maji yao yalikuwa na mikrogramu 750 hadi 800 kwa lita. Tena walikuwa wanakula vizuri: nyama, mboga, matunda ya bustani zao. Kama lishe ndiyo inayoamua, hapa ndipo ilipaswa kuonekana. Allan Smith, yuleyule aliyeandika kuhusu Bangladesh, alikwenda na wenzake na kuwachunguza. Kati ya wanaume sita waliokunywa maji hayo kwa zaidi ya miaka 20, wanne walikuwa na ngozi ya mgonjwa wa aseniki. Watu sita ni wachache na hatutawatumia kupiga hesabu ya taifa. Wanatosha, hata hivyo, kuvunja hoja kwamba mtu akishiba yuko salama.

Huyo Smith alikuwa pia miongoni mwa watafiti wa mwaka 2004 waliogundua habari ya protini na kalsiamu huko Bengali Magharibi. Walipofika mwisho wa ripoti yao hawakuomba nchi ifungue ghala la vitamini. Walisema ongezeko la hatari linalotokana na upungufu wa chakula ni dogo, na kwamba kinga ielekezwe kwenye kupunguza aseniki ambayo watu wanakunywa. Waliopima sahani ndio walionyoosha kidole kisimani. Anayenukuu nusu ya kwanza ya kazi yao na kuifunika nusu ya pili anajua anachofanya.

Kwa nini basi hoja ya lishe inapendwa? Kwa sababu inamhamisha mshtakiwa. Kisima kina mwenyewe: kuna idara iliyokichimba, mfadhili aliyekilipia, mhandisi aliyetia saini, wizara yenye maabara. Sahani ni ya mama wa nyumbani. Ukisema tatizo ni lishe, mshtakiwa ni mama asiyejua kupika, au baba aliyeuza samaki badala ya kuwapa watoto. Dawa inakuwa semina. Mabango yatachorwa yenye picha ya karoti, na mwanamke aliyetembea kilomita mbili kuhudhuria semina atarudi nyumbani na kusukuma pampu ileile.

Tena ni mwanamke ambaye, katika nyumba nyingi za vijijini Bangladesh, hula baada ya wanaume na watoto kumaliza. Kipande cha samaki kilichobaki ni mkia. Madoadoa yakimtoka huambiwa ana ukoma. Wapo wasichana waliokosa kuolewa na wake walioachwa kwa sababu ya ngozi zao. Kumwambia mtu huyu kwamba kinga yake iko mikononi mwake ni ukatili, na tunalitumia neno hilo tukijua uzito wake.

Kuna jambo jingine linaloiharibu hoja ya lishe kutoka ndani. Chakula chenyewe kimeingiwa. Mpunga wa msimu wa kiangazi Bangladesh humwagiliwa kwa maji ya visima hivyohivyo, na mpunga kuliko nafaka nyingine una tabia ya kufyonza aseniki kwenye majaruba yaliyojaa maji. Ukipikwa kwa maji ya kisima, wali huongezewa tena. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa ale zaidi, na kitu pekee anachoweza kuongeza sahanini ni wali, amejiongezea sumu kwa utiifu. Kupika wali kwa maji mengi yaliyo salama kisha kuyamwaga hupunguza sehemu ya aseniki, lakini maji salama ndiyo hasa yasiyokuwapo.

Tunazihukumu serikali za Bangladesh, moja baada ya nyingine, kwa jambo lililo wazi. Kati ya mwaka 2000 na 2003 nchi ile ilifanya kazi ya kusifiwa: ilipima visima karibu milioni 5, ikapaka pampu rangi, kijani kwa salama na nyekundu kwa hatari. Pampu milioni 1.4 zilipakwa nyekundu. Huko Araihazar watu wengi walioambiwa kisima chao ni kibaya walihamia cha jirani, maana aseniki ya ardhini ina mabaka. Kisima kibaya na kizuri vinaweza kutenganishwa na hatua mia moja tu. Kupima peke yake, kabla hata ya mtambo wowote, kuliokoa watu. Halafu kazi ikalegea. Rangi ikafubaa kwa mvua na jua, visima vipya vikachimbwa bila kupimwa. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2016 kwamba watu wapatao milioni 20 walikuwa bado wanakunywa maji yaliyozidi hata kile kiwango legevu cha 50, na likataja makadirio ya vifo 43,000 kila mwaka. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba kwa sera rasmi wabunge walipewa usemi juu ya mahali pa kuweka nusu ya visima vipya vya serikali. Visima virefu, ambavyo kwa kawaida huwa salama, vikaishia kwenye ua wa wafuasi. Katika ugawaji wa namna hiyo, kijiji chenye wagonjwa kinapataje zamu?

Wageni waliosaidia nao hawakosi lawama. Taasisi ya Uingereza ya utafiti wa miamba ilipima maji ya visima vya Bangladesh mwaka 1992 kwa kemikali kadhaa, aseniki haikuwamo. Mwanakijiji mmoja aliyeugua aliifikisha kesi mpaka London, na mwaka 2006 majaji wa juu kabisa wa nchi hiyo waliamua kwamba waliopima hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake. Sheria imesema ilichosema. Kwa mizani ya utu, mpimaji anayekabidhi karatasi inayosomwa na watu kama cheti cha maji salama hawezi kusema sikuulizwa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu haya hatuyaandiki kwa kuwasikitikia watu wa mbali. Ukanda wa dhahabu unaozunguka Ziwa Victoria upande wa Tanzania una miamba ambayo dhahabu yake hukaa pamoja na madini yenye aseniki. Watafiti wamekwishapima visima na vijito vya Geita na Mara na kukuta baadhi vimezidi mikrogramu 10. Kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua dhahabu, hurundikwa karibu na makazi, na mialo ya kuoshea dhahabu hutiririsha maji machafu kwenye mabonde wanakochota maji. Huu si ukubwa wa Bangladesh, na asiwepo wa kuwatia watu hofu kwamba kila kisima cha Kanda ya Ziwa ni kibaya. Lakini masharti ya Taiwan tumeyataja hapo juu, na watoto wetu 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022. Miili hiyo haina kamba za ziada.

Nchi hii inajua jinsi kiwango kinavyopindishwa ili kiendane na uzembe. Watu wengi wa Arusha na Meru wana meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda, kwa sababu ya floridi katika maji; na huko nako mtoto asiyepata maziwa huumia zaidi. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu maji ya vijijini yenye floridi hadi miligramu 8 kwa lita, wakati pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Ilielezwa kuwa hakuna njia nyingine. Vizazi vimekua kwenye maelezo hayo.

Kwa hiyo madai yetu kwa Wizara ya Maji na kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ni haya. Kila kisima cha jamii katika wilaya za ukanda wa dhahabu kipimwe aseniki kabla hakijakabidhiwa, na vilivyokwisha kukabidhiwa vipimwe sasa. Jibu lisilale kwenye faili la mkoa. Liandikwe kwa tarakimu kwenye nguzo ya pampu, mahali ambapo mtu mwenye ndoo analiona, na jumuiya ya watumia maji ipewe nakala. Kisima kibaya kifungwe siku kinapopatikana kingine, na kingine kitafutwe kwa haraka ileile inayotumika kumtafuta mgeni rasmi wa uzinduzi. Maji yawe yanapimwa tena kila mwaka, kwa kuwa ardhi inayochimbwa haitulii. Na wahudumu wa afya waseme ukweli mmoja ambao haujasemwa vya kutosha: kuchemsha maji, ambako tumehubiriwa tangu utotoni na ambako kweli kunaua vimelea, hakuondoi aseniki. Maji yakipungua kwenye sufuria, sumu iliyobaki huwa nzito zaidi.

Baada ya hapo, na tunasisitiza baada ya hapo, tuzungumze chakula, na tuzungumze kwa vitendo. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi, asidi ya foliki ikiwamo, zipo Tanzania tangu mwaka 2011. Lakini wanaoishi karibu na visima vinavyotutia shaka hawali unga wa viwandani. Wanapeleka mahindi yao kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, na huko hakuna kinachoongezwa. Mashine hizo zifikiwe. Dagaa wa ziwa, wanaoliwa na mifupa yao na hivyo kuleta protini na kalsiamu kwa mara moja, sehemu kubwa yao inaishia kwenye vyakula vya kuku na mifugo. Shule za Geita zilizo saa chache tu kutoka mwaloni zinapika maharage bila hata kiganja cha dagaa. Matembele, mchicha na kisamvu vipo, na viwepo kwenye bustani za shule. Mama mjamzito apewe vidonge vyake vya foliki bila kuambiwa vimeisha.

Wanaosema tusubiri mpaka wagonjwa waonekane wasome habari za Antofagasta. Mji huo wa Chile uliletewa maji ya mto mwaka 1958, yenye aseniki karibu mikrogramu 860 kwa lita. Mwaka 1970 ukajengwa mtambo wa kuyasafisha na kiwango kikashuka. Sumu ilikuwa imenyweka kwa miaka 12 tu. Saratani za mapafu na za kibofu ziliendelea kuwaua watu wa eneo lile kwa wingi usio wa kawaida hadi miaka 40 baadaye, wakiwamo walioipata wakiwa watoto wachanga au tumboni mwa mama zao.

Kipimo cha mkononi cha aseniki hutoa jibu kisimani penyewe kwa muda usiozidi saa moja. Tunayataka majibu ya visima vya Geita na Mara, kijiji kwa kijiji, na tutayachapisha.